Pakiti ya Pili

Benchi lenyewe ni langu. Nililiweka barazani kwangu, mbele ya kiti cha kunyolea, ili wateja wangojee zamu zao, lakini sikumbuki mteja aliyewahi kungojea hapo; wamelikalia hawa. Yuko Profesa, mwenye kibanda cha fotokopi, ambaye shahada yake ni miwani. Yuko Wakili, aliyeitwa mahakamani mara moja tu, shahidi kwenye kesi ya mbuzi, na tangu siku hiyo haombi chumvi bila kusema "kwa mujibu wa sheria". Yuko Muuza Kahawa na birika lake, ambaye husema anapita tu, na mpaka leo hajapita. Na yuko Kipa, fundi wa kuchomelea mageti, ambaye ujanani aliidakia timu ya Posta mpaka timu ikavunjwa, na wapo wanaosema ilivunjwa kwa sababu hiyo hiyo. Kila asubuhi Profesa hutusomea maajabu ya michezo kutoka kamusi elezo ya mtandaoni, ile ambayo kila mwenye simu anaruhusiwa kuandika anachotaka, kama ukuta wa choo cha stendi. Siku hiyo Kipa alifika mwisho, uso umemshuka, na tumbo lake likatusalimu kabla yake.

— Sikilizeni hii, — Profesa alikuwa akisoma. — Kuna refa alijionyesha mwenyewe kadi nyekundu, akatoka uwanjani. Mechi ikaendelea, na hakuna aliyegundua mpaka kesho yake.

— Muongo wewe, — nikasema, mashine iko kichwani kwa mteja.

— Imeandikwa, Kinyozi!

— Juzi si iliandikwa kuna mdakaji ana urefu wa mita sita?

— Ile waliisahihisha. Sasa ana tano na nusu.

Muuza Kahawa alicheka mpaka akaimwagia kahawa suruali ya Wakili. Kipa hakucheka. Alitoa simu yake, akampa Profesa.

— Soma hapo. Lakini polepole, kwa sauti ya chini.

Profesa hana sauti ya chini.

— "Timu ya Posta! Mambo ya kushangaza! Katika fainali ya Kombe la Wafanyakazi, Posta walifungwa bao moja tu, wakati golikipa wao alipokuwa nyuma ya goli akinunua pakiti ya karanga!"

Jamani, tulicheka. Benchi lilicheka, kiti kilicheka, mteja wangu alicheka na nusu kichwa chake ambacho kilikuwa bado hakijanyolewa. Kipa alingoja tumalize.

— Chekeni tu. Binti yangu kaiona, kamtumia mama yake. Mama Pacha kasoma, kaweka simu mezani, kanigeuzia mgongo. Hakusema neno. Nikatoka hata chai sijanywa.

Hapo tukaacha kucheka, maana hadithi ya bao lile mtaa mzima unaijua. Kipa alifungwa kwa sababu alikuwa akimwangalia msichana jukwaani, akasahau mpira. Mechi ilipoisha akamfuata yule msichana, akamwambia, "Umeninyang'anya kombe, sasa nipe hata jina lako." Ndiye Mama Pacha huyo. Hadithi hiyo ilisimuliwa kwenye harusi yao, ikasimuliwa pacha walipozaliwa, na Jumamosi inayokuja watoto walikuwa wamewaandalia sherehe ya miaka thelathini ya ndoa. Hotuba ya Kipa ni hiyo hiyo. Hana nyingine.

— Ndoa yangu imejengwa juu ya bao lile, — Kipa alisema. — Likishakuwa bao la karanga, Jumamosi nitasimama niseme nini mbele ya watu?

— Lakini samahani, — mteja wangu aliuliza, — kweli ulinunua?

— Kinyozi, mnyoe mtu wako!

Profesa alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena. Hiyo kwake ni sawa na daktari kuvaa glavu.

— Tunaifuta. Sekunde moja.

Akaifuta. Tukapeana mikono. Muuza Kahawa hajamaliza kujaza vikombe, karanga zikarudi.

— Wameandika, "Tafadhali usifute habari bila sababu."

— Basi andika ya kweli! — Kipa aliruka. — Andika alikuwa akimwangalia mchumba wake!

Profesa akaandika. Tukapuliza kahawa. Simu ikalia.

— "Hakuna chanzo cha habari hii."

— Chanzo si mimi? Goli langu, macho yangu, mke wangu! Andika: chanzo, mimi mwenyewe, niko hapa kwa kinyozi, aje aniulize!

Profesa akaandika hivyo hivyo, mpaka na kinyozi.

— "Kumbukumbu binafsi haikubaliki."

— Na hizo karanga je, zina chanzo?

— Zina, — Profesa alisema kwa huruma. — Gazeti la siku ile. Mwandishi anasema alikuwa amekaa nyuma ya goli.

— Yule! Ataona nini yule? Muda wote alikuwa akinisukuma ili na yeye anunue!

Nilizima mashine.

— Umesema "na yeye", — nilimwambia.

— Sijasema.

— Umesema, — alisema mteja wangu.

— Kwa mujibu wa sheria hajasema, — Wakili aliingilia, akasimama na suruali yake yenye doa. — Ndugu zangu, njia ya mwongo ni fupi. Ndiyo maana inafika haraka! Nyie mnahangaika kuondoa. Tusiondoe, tuongeze! Kwenye ile kesi ya mbuzi upande wa pili walileta ushahidi mwingi mpaka hakimu akapata kizunguzungu, akaahirisha. Tuujaze ukurasa maajabu. Shemeji akisoma tena, ataona huu wote ni upuuzi mtupu, na karanga zikiwemo.

— Lakini tusizidishe, — alisema Muuza Kahawa.

— Tutaanza kidogo. Haba na haba hujaza kibaba. Hapo penye pakiti ya karanga, weka pakiti mbili.

— Mbili, — Profesa aliandika.

— Ongeza kwamba muuza karanga ndiye alikuwa kocha wa wapinzani.

— Na mshika kibendera alikuwa na baiskeli, — nikasema. Sijui ilinitoka wapi.

— Na bao lilifungwa na kuku! — Muuza Kahawa alipiga kelele, yeye aliyetuambia tusizidishe. — Kuku wa mtunza uwanja! Kwa kichwa!

— Kuku alikuwa ameotea, — nikamwambia.

— Hajaotea! Beki wao alikuwa amelala kwenye mstari!

— Andika beki alikuwa amelala, — aliagiza Wakili. — Na kipindi cha pili kilichezwa kwanza, kwa sababu refa alikuwa na haraka.

— Na Posta walikuwa na wachezaji kumi na wawili, ila wawili waligawana jezi moja!

— Mmoja mkono wa kulia, mmoja wa kushoto!

— Na mimi? — Kipa aliuliza, naye ameanza kucheka, machozi yanamtoka. — Mimi niwekeeni kitu kizuri.

— Wewe uliwahi kudaka radi, — alisema mteja wangu, ambaye sasa alikuwa amehamia kwenye benchi na shuka langu shingoni.

— Kwa mkono mmoja, — Kipa aliongeza. — Nikairusha mbele.

Profesa alibonyeza. Tukacheka tukaishiwa, tukabaki kushikana mabega. Kipa aliagiza kahawa kwa mara ya kwanza siku hiyo, akainywa yote, akasema jamani nyie ni ndugu zangu. Kisha simu ikalia tena.

— "Asante kwa mchango wako. Tumeondoa yasiyo ya kweli."

— Hata radi? — Kipa aliuliza.

— Radi imeondoka. Kuku kaondoka. Baiskeli, jezi, vyote.

Hatukuwahi kusoma vizuri kilichobaki, maana Mama Pacha alikuwa anakata kona. Alikuwa na kanga mabegani na simu mkononi, anatembea kama mtu aliyeshajua atakachosema.

— Hamjambo, mashemeji.

— Hatujambo, shemeji, karibu, — tuliitika wote, kama darasa la kwanza.

— Sikai. Baba Pacha, asubuhi nimesoma habari ya karanga.

— Mke wangu, ile ni...

— Ngoja. Nimesoma, nikakugeuzia mgongo kwa sababu kicheko kilinibana, sikutaka unione. Nikaenda kukukaangia mayai. Narudi na sahani, hupo. Nikasema ngoja niisome tena nicheke vizuri. — Aliinua simu. — Asubuhi ilikuwa pakiti ya karanga. Sasa ni pakiti mbili. Mimi nina swali moja tu. Ya pili ilikuwa ya nani?

Profesa aliangalia simu yake, akafumba macho. Yule bwana msahihishaji, popote alipo, alikuwa amemfukuza kuku na kuikataa radi, ila mbili ameiacha. Ameiona ni ya kweli kabisa. Mtu anaweza kununua pakiti mbili.

— Ya refa, — Wakili alinong'ona.

— Ya kuku, — alisema Muuza Kahawa, kwa woga.

— Sijawauliza nyie.

Profesa alikuwa akibonyeza haraka haraka, airudishe iwe moja. Nilichungulia. Simu ilikuwa imeandika, "Umezuiwa kuhariri."

— Baba Pacha. Ya nani?

— Moja! — Kipa alilipuka. — Haki ya Mungu, mke wangu, nilinunua moja! Moja tu, na niliila peke yangu!

Neno likishatoka halirudi. Alijiziba mdomo kwa mikono yote miwili, na hiyo mikono ndiyo iliyoliacha bao.

— Moja naijua, — alisema Mama Pacha. — Siku ile ulinifuata ukaniambia ulikuwa unaniangalia mimi, na maganda ya karanga yamejaa kwenye masharubu yako. Wewe na macho yako hayo, uone mtu jukwaani? Hata geti ulilochomelea jana huwa unaligonga. Nilijua unadanganya. Lakini nilisema, mtu amefungwa fainali, analia, halafu bado anatafuta uongo wa kunifurahisha mimi. Nikampa jina.

Kipa aliondoa mikono mdomoni.

— Ila mbili sikuwahi kuziona, — aliendelea, na macho yake yakapita polepole kwenye benchi zima, yakatua kwenye simu ya Profesa. — Nani kaziongeza?

Wote tuliinamia vikombe. Muuza Kahawa alitikisa birika ili apate cha kutumiminia tujifiche nacho. Lilikuwa tupu.

Mama Pacha akafunga kanga yake, midomo inamcheza.

— Haya. Mayai yanapoa. Ukija, pitia dukani uje na karanga. Pakiti mbili. Ya pili ni yangu.

Akaenda zake. Kipa alibaki amesimama kidogo, kisha akatimua mbio kuelekea dukani, shati nje, kiatu kimoja kimelegea. Mimi nilimwona akicheza miaka ile, na naapa hajawahi kutoka golini kwa kasi ile.