Esteri Makarius Aliyetusikiliza, 1971–2015

Ndugu waombolezaji, ninayesoma ni Uwimana Ntaliwa, wifi wa marehemu. Ukoo wetu ulikaa juzi Jumanne ukaniandikia mistari sita. Inasema marehemu alikuwa mkulima na mama wa nyumbani, basi. Karatasi ile nimewashia jiko. Iliyochapishwa jana Kasulu, mliyoishika mkononi, nimeiandika mimi mwenyewe, na anayeiona ndefu akae chini.

Marehemu Esteri Makarius alizaliwa tarehe 3 Machi 1971 Mabamba, wilayani Kibondo, mtoto wa nne wa mzee Makarius na mama Doroteya. Alisoma shule ya msingi kijijini kwao kuanzia 1979 hadi 1985. Akiwa darasa la tano alikuwa akiwaandikia kina mama barua za kwenda kwa waume zao waliokuwa wakikata mkonge Tanga. Siku moja mama mmoja alianza kulia katikati ya barua. Esteri aliweka kalamu chini akasubiri, hakumwambia nyamaza, hakumwambia vumilia. Alisubiri mpaka maharage ya nyumbani kwao yakaungua, akachapwa, na kesho yake akaenda kuimalizia barua ile.

Tarehe 8 Desemba 1990 alifunga ndoa na kaka yangu Zabloni Ntaliwa, hapa Kagerankanda. Sisi mawifi tulimpokea kwa midomo. Ugali wake tuliuonja, tukausema mpaka ukapoa. Hakujibu, nasi tukamwita mpumbavu. Alilima maharage na mihogo, na jioni aliwafundisha kusoma kina mama wa madarasa ya watu wazima, wakiwemo mama zenu ninyi mnaotazama saa zenu sasa hivi.

Kaka Zabloni alifariki Oktoba 2010. Mnakumbuka msiba ule, maana mlikula. Kila aliyeingia alikuja na ushauri wake. Usilie sana utaugua. Lia, watu watasemaje. Rudi kwenu Kibondo. Usirudi, shamba ni la ukoo. Mwezi mzima, Esteri aliniambia, hakuna hata mmoja aliyemuuliza ameamkaje.

Kazi yake kubwa ilitoka hapo, ile ambayo ukoo haukutaka itajwe. Agosti 2012 alifungua kundi la wanawake kwenye Facebook, akaliita Jikoni Kwetu. Kina mama walimfuata shambani wakamsimulia mambo yao, naye akayaandika kwa kidole kimoja bila kutaja jina la mtu. Betri alikuwa akienda kuichaji mjini, dukani kwa Mwamvua, ambaye yuko hapa na hajawahi kumdai hata asante. Mtandao ulipatikana juu ya kichuguu nyuma ya nyumba tu, kwa hiyo alipanda kichuguu. Wanaume wa kijiji hiki, watu wazima wenye ndevu, wakamwita Mama Kichuguu na kucheka. Hiyo ndiyo akili waliyokuwa nayo.

Mwaka 2014 alihamia WhatsApp, ili na wasiojua kuandika waseme kwa sauti zao. Kundi moja lilipojaa alifungua lingine. Aliyaita majiko, na mpaka anafariki yalikuwa saba, yakiwemo ya Kibondo, Kasulu, Buhigwe, na moja la wenzetu wakimbizi wa kambini Nyarugusu. Kanuni ilikuwa moja. Kila Alhamisi mwanamke mmoja anasimulia, wengine wananyamaza. Akimaliza anasema, "Nimemaliza." Hapo hapewi ushauri, hahukumiwi, hasomewi andiko. Anajibiwa maneno mawili tu, ndiyo yetu ya Kiha na neno moja la Kiswahili, "Ego, tumekusikia."

Jana Jeanne wa Nyarugusu aliniambia kwa simu hivi: "Miye nilisema mambo ya Kongo yote, ile nilikuwa nimefunga ndani miaka munane. Hakuna mutu alinikata neno. Ile siku nililala." Leo Jeanne amekuja kwa miguu na kibali cha siku moja. Wengine mnaishi nyumba ya tatu kutoka hapa, na mgonjwa hamkumwona.

Sasa nifike kwa kaka yetu mkubwa, Yoramu, mwenyekiti wa ukoo, yule pale anayejifuta uso kwa leso mpya. Septemba 2014 Kaka Yoramu aliingia Jikoni Kwetu kwa laini ya pili, akajiita Mama Furaha. Alivyoingia nitasema mwishoni. Alhamisi moja mama wa Muyama alikuwa amemaliza kusimulia kipigo cha mumewe. Mama Furaha yuko kilabuni, ameinua simu juu wenzake wasikie vizuri, na kidole, bila yeye kujua, kimekaa kwenye alama ya kurekodi. Wanawake tisini na wanane wakasikia sauti nzito ikisema, "Mnamsikia huyu? Si mke wa yule fundi baiskeli? Nyamazeni, nirudie pale penyewe." Kisha kikohozi. Kikohozi hicho tunakijua wote, hutusumbua kila Jumapili wakati wa mahubiri.

Esteri hakumfukuza. Aliandika, "Mama Furaha amesema. Kanuni ni ile ile." Wakamjibu mmoja baada ya mwingine, tisini na wanane, "Ego, tumekusikia, Mama Furaha." Alijitoa mwenyewe kabla hawajamaliza.

Ingekuwa kichekesho kama ingeishia hapo. Habari ilitoka kilabuni ikamfikia fundi baiskeli, na mkewe akavunjwa mkono. Esteri alipanda bodaboda hadi Muyama, akaketi mlangoni kwa mtu yule siku mbili bila kusema neno, mpaka majirani wakaanza kumuuliza mwanamume yule anajiona nani hasa. Mama huyo yuko hapa leo. Sitamwonyesha.

Esteri alianza kuugua Novemba 2014. Ukoo uliagiza niseme "baada ya kuugua kwa muda mfupi". Ilikuwa miezi saba, na ugonjwa ulikuwa saratani ya shingo ya kizazi. Wenye kuona haya waone. Yeye hakuona, Februari mwaka huu alichukua zamu ya Alhamisi akasimulia ugonjwa wake wote, na wanawake thelathini na mmoja wakaenda kupimwa. Alifariki nyumbani kwake Jumatatu tarehe 15 Juni 2015, saa nne asubuhi, mkono wake ukiwa mkononi mwa binti yake Yunia.

Ukoo umeamua pia kwamba kabla ya udongo Yunia amkabidhi Kaka Yoramu simu ya mama yake, laini ivunjwe, makundi yafungwe. Wanasema ni kulinda heshima ya marehemu. Wanaume kumi na wawili wamekaa kikao kwa kuogopa simu yenye kioo kilichopasuka. Simu haitatolewa. Kila jiko lina msimamizi wake tangu Aprili, Esteri alipanga hivyo mwenyewe, na Yunia ndiye anayeshika nafasi yake. Vunjeni laini, mtakuwa mmevunja laini.

Marehemu ameacha watoto watatu, Yunia, Festo na Elizabeti, mjukuu mmoja, dada zake wawili wa Mabamba, na wanawake mia sita na kumi na wanne.

Ameniacha na mimi. Nilisema nitaeleza Mama Furaha aliingiaje. Nilimwingiza mimi. Nilikuwa mwanachama kwa ajili ya kupeleleza; Kaka Yoramu aliniomba, nami nikamdhamini kwamba ni mama ninayemfahamu. Mkono wa yule mama wa Muyama umevunjwa na mimi pia, na dharau yote niliyowamwagia leo, nusu yake ni yangu. Esteri alijua tangu siku ile ile. Hakunisema kwa mtu. Wiki mbili zilizopita, nikimnywesha uji, aliniambia, "Wifi, wewe tu ndiye hujachukua Alhamisi yako. Bado ipo."

Leo ni Alhamisi. Pumzika wifi yangu, umesikiliza vya kutosha.

Nimemaliza. Wanawake wa Jikoni Kwetu, ikiwa bado mnanihesabu, mnajua la kujibu.