Kioo au Kidirisha: Mzee Kushoto Kidogo Aamua

Tarehe 30 Juni, baada ya miaka thelathini na moja na miezi minne ya utumishi, mpiga picha wa mamlaka yetu ya maji anastaafu. Jina lake limo kwenye faili, lakini humu ndani hakuna anayelitumia. Ni Mzee Kushoto Kidogo, kwa sababu hajawahi kumpiga mtu picha bila kumsogeza kushoto kidogo. Kuna mhasibu alisogezwa mpaka akatoka mlangoni.

Aliajiriwa kupiga picha mabomba yaliyopasuka, na kazi hiyo aliiheshimu. Bomba la mtaa wa soko lilipendeza kuliko vitambulisho vyetu vyote. Vitambulisho navyo vina kisa chake. Kamera ya Mzee ni ile ya kioo: ndani mna kioo kinachomwonyesha kile kile inachokiona lenzi, na akibonyeza, kioo huruka juu kwa kishindo. Watu hushtuka wakafumba macho. Ndiyo maana wafanyakazi mia mbili wamelala kwenye vitambulisho vyao, na mlinzi wa getini akimtilia mtu shaka humwomba afumbe macho kwanza.

Kioo hicho ndicho kilichomnyima Mzee raha. Kikiruka, kufumba na kufumbua, mpiga picha haoni kitu. Maana yake, kila tukio alilolipiga hakuliona. Bintiye mkubwa alipovishwa pete, Mzee alikuwa ameganda kwenye kamera. Picha ilitoka safi, ila yeye aliona giza, na jambo hilo linamuuma mpaka leo. Sasa kitinda mimba wake anaolewa Jumamosi ya kwanza baada ya kustaafu, na Mzee aliapa kwamba hili la pili halimpiti.

Basi ikaja hoja ya kuhamia kamera ya kidirisha. Hiyo haina kioo. Unachungulia kwenye kidirisha cha pembeni, unasogeza taswira mbili za kitu kimoja mpaka zilaliane, unabonyeza kimya kimya, na muda wote unaendelea kuona. Kamati ya zawadi, ambayo mimi mtunza stoo ndiye mwenyekiti wake, ilimpa wiki mbili achague kamera ya kuagwa nayo. Alitumia miezi mitano. Asubuhi kidirisha, akishakunywa chai kioo. Aliandika faida na hasara nyuma ya fomu za kuombea betri hadi fomu zikaisha stoo. Alipiga kura ya siri peke yake, matokeo yakawa sare. Mkewe alinipigia simu akisihi tununue chochote, hata jembe, mradi nyumba ipumue.

Mwishowe aliazima kamera ya kidirisha kwa rafiki yake mwenye studio, akaenda nayo kwenye uzinduzi wa tangi jipya. Alipiga picha thelathini na sita, akaingia chumba cha giza kuzisafisha. Zote nyeusi tititi. Kifuniko cha lenzi kilikuwa mahali pake tangu asubuhi. Kamera ya kioo ingemwonyesha giza papo hapo. Kwenye kidirisha, lenzi ikifunikwa wewe huna habari, unaiona dunia kama kawaida.

Mkurugenzi alikuja juu. Mzee akatoka huku akitabasamu, akamwomba aketi, akaanza kumsimulia uzinduzi: jinsi mgeni rasmi alivyokata utepe mara tatu kwa kuwa mkasi uligoma, jinsi maji yalivyomrukia katibu muhtasi naye akacheka mpaka akakaa chini, jinsi fundi mkuu alivyogeukia ukutani kufuta machozi, maana tangi lile alilihangaikia miaka saba. Alisimulia saa nzima. Mkurugenzi, ambaye naye alikuwepo pale pale, alikiri kwamba hakuona hata nusu ya hayo. Kesho yake fomu ya zawadi ilirudi stoo imejazwa: kidirisha.

Mzee, tunakushukuru kwa picha zote ulizotupiga bila kuziona. Ustaafu wako uwe mrefu, wenye afya na vicheko tele. Na kuhusu Jumamosi usiwe na wasiwasi. Mkeo, anayekujua kuliko kamati yetu, ameshamkodi mpiga picha mwingine. Wewe kaa mstari wa mbele, mtazame binti yako.