Bi Esteria Mayige na Ng'ombe wa Ndalahwa

Baada ya miaka kumi na tisa ya utumishi, Bi Esteria Mayige, mhifadhi wa kazi za kidijiti katika kituo chetu cha sanaa hapa Bariadi, anastaafu rasmi tarehe 30 Juni 2025. Anarudi nyumbani Kalemela, kwenye mpunga na upepo wa ziwa.

Alipoajiriwa, ukumbi wetu ulikuwa bado una harufu ya ghala la pamba. Nyuzi zilielea hewani, na alipowasha projekta kwa mara ya kwanza zilinasa mwanga, ukumbi wote ukawa kama umejaa nyota. Wageni walidhani hiyo ndiyo kazi yenyewe. Bi Esteria hakuwasahihisha.

Ndiye aliyetoa maonyesho nje ya kuta hizi. Kule Lamadi alirusha picha za samaki kwenye ukuta wa soko, wakaogelea juu ya vichwa vya wachuuzi, hadi mteja mmoja akauliza yule sato mkubwa anauzwaje.

Lakini sisi tuliofanya naye kazi tutamkumbuka zaidi kwa ng'ombe wa Ndalahwa. Ndalahwa Mihayo, msanii wa Migato, alituachia kazi moja tu kabla hajafariki: kundi la ng'ombe aliowachora kwa kompyuta, wakitembea ndani ya ukungu. Mtu akisimama mbele yao, wanageuza shingo kumtazama. Miaka ilipita, kompyuta yake ikaungua, na programu aliyoitumia ikawa haifunguki kwenye mashine za sasa. Wengi wetu tulishauri ibaki video ya kumbukumbu.

"Video haimtazami mtu," alisema Bi Esteria, akarudi mezani kwake.

Kwa miezi mingi alihangaika kuifanya kompyuta mpya iige tabia za ile ya zamani. Hatimaye ng'ombe wakatokea. Tulipiga makofi, naye akamwalika Bi Kwandu, mama mzazi wa Ndalahwa. Mama aliketi, akatazama kwa muda mrefu.

"Mayu," Bi Kwandu alimwuliza Bi Esteria taratibu, akimwita mama kwa Kisukuma, "hawa wanakimbizwa na nani?"

Bi Esteria alielewa: mashine mpya ilikuwa na kasi zaidi kuliko ile ya marehemu, nayo ilikuwa ikiwaharakisha. Hakujitetea. Alisogea karibu na mama, akaanza kupunguza mwendo kidogo kidogo, akiuliza, "Hivi?" Mama akatikisa kichwa. Akapunguza tena. Ng'ombe wakapoa, wakawa wanatembea kama waliotoka kunywa maji, wameshiba, hawana haraka ya kufika popote. Ndipo Bi Kwandu akainuka, akasimama mbele yao. Wote wakageuza shingo.

"Wabeja," alishukuru kwa Kisukuma, na hatukujua anamshukuru nani, Bi Esteria au mwanawe.

Leo kazi hiyo inaonyeshwa kila Jumamosi, na nakala zake zimehifadhiwa hata nje ya mkoa. Bi Esteria ametuachia agizo moja: kazi zote ziwashwe mara kwa mara, hata kama hakuna mgeni.

Asante, Bi Esteria, kwa kutufundisha kutazama. Tunakuombea afya, mvua za wakati wake na asubuhi ndefu zenye utulivu. Ukipata hamu ya kuja, njoo. Tutazima taa na kukuachia ukumbi mzima.