Barafu ya Mto Tisza: Kumuaga Ormándi Kelemen

Ijumaa, tarehe 30 Septemba 2016, mwongozaji wetu wa filamu Ormándi Kelemen atarudisha ufunguo wa chumba namba saba na kustaafu, baada ya kuitumikia studio yetu kwa miaka arobaini na minne. Nimeombwa kuandika wasifu wake kwa jarida hili la wafanyakazi kwa kuwa mimi, Hegymegi Lőrinc, nilikuwa msaidizi wa kamera katika filamu yake ya kwanza. Nimekubali, lakini lazima niseme mapema: kuhusu picha ya barafu iliyompa Kelemen jina, kuna jambo nimelificha kwa miaka arobaini na mitatu. Sikumwambia yeye, sikumwambia marehemu mke wangu, na padri nilimpa dhambi nyingine, ndogo ndogo. Daktari ameniambia Krismasi ya mwaka huu nisiipangie mengi. Kwa hiyo nitalisema humu, mwishoni, kwa sababu wasifu ni wa Kelemen na yeye ndiye wa kutangulia.

Alikuja kwetu mwaka 1972 akiwa na miaka thelathini, koti moja na viatu vilivyokuwa vikubwa kuliko miguu yake. Tangu hapo ametengeneza filamu kumi na moja, nne kati yake zikashinda tuzo nje ya nchi. Zote ni za polepole. Mtu anafungua mlango, na kabla hajaufunga unaweza kumenya viazi vya familia nzima. Tulipoonyesha filamu yake ya tatu mjini Szolnok, mama mmoja muuza tiketi alimfuata mlangoni akamwambia, "Filamu yako nzuri, mwanangu. Nimefuma soksi nzima humo ndani."

"Iko wapi?" Kelemen akauliza.

Mama akaitoa mkobani. Kelemen aliikagua kisigino, akasema kazi ni safi, akaomba na ya pili. Ilimfikia kwa posta kabla ya Pasaka, na amezivaa siku ya kwanza ya kila filamu tangu hapo.

Hakuwahi kumpigia mtu kelele kazini, ila mara moja tu, nami nitafika hapo. Kila tarehe 23 Novemba, siku ya jina lake, yaani sikukuu ya mtakatifu Kelemen, alileta keki ya mbegu za popi na kuikata mwenyewe, vipande vinene kwa mafundi wa taa, vyembamba kwa wakurugenzi. Miaka ya tisini, studio ilipotaka kuwapunguza wakataji filamu wawili, wale wanaokata na kuunganisha vipande, alikubali kuongoza matangazo ya siagi ili wabaki na kazi. Yeye aliyezoea kungoja siku nzima wingu lisogee alisimama mbele ya kipande cha mkate akisema, "Tena, jamani, na safari hii ipakeni kwa mapenzi." Wakataji wale wawili walistaafu kwa heshima zao.

Bi Noémi, mhariri wa jarida hili, alipokuja kunitembelea aliniambia, "Mzee Lőrinc, tuandikie kitu chepesi. Ile ya nguruwe na barafu. Watu wanaipenda."

Nikamwambia, "Watu wanaipenda anavyoisimulia Kelemen."

"Basi isimulie wewe. Ulikuwepo."

Ni kweli, nilikuwepo. Ilikuwa Februari 1973, katika kijiji kimoja kando ya Mto Tisza. Filamu ilihitaji picha moja ya mwisho: barafu ikipasuka na kushuka na mto. Barafu hupasuka siku inayotaka yenyewe, nasi tulikuwa na mikanda ya filamu ya kuhesabu. Tuliingoja siku kumi na moja. Mpigapicha wetu alikuwa Tarcsay Bódog, mtu wa miaka arobaini, mpole, mwenye vidonda vya tumbo, aliyekunywa maziwa pale wengine walipokunywa pombe kali ya plamu.

Siku ya kumi, mwenye nyumba tuliyopanga, Shangazi Borbála, alichinja nguruwe wake wa majira ya baridi. Kijiji kizima kilikuja na visu. Shangazi akamwona Kelemen amekunja mikono.

"Wewe wa mjini, mbona umesimama kama mlingoti? Shika mkia."

"Nishike mkia wa nini, Shangazi, na wanaume wanne wameshamkamata?"

"Ili asikimbie. Au mwongozaji kazi yake kutazama tu?"

Kelemen akaushika, kwa mikono miwili, kwa uangalifu wote alionao. Kijiji kikacheka mpaka mbwa wakabweka, kwani huo ni mzaha wao, kila mgeni hushikishwa mkia. Bódog naye akawasha kamera. Aliwapiga picha wanawake wakiosha matumbo kwenye theluji, mikono ya nguo imekunjwa hadi viwikoni, mvuke ukipanda. Aliumaliza mkanda mmoja mzima kwa hiari yake. Jioni tulikula supu ya uti wa mgongo na soseji za damu.

Alfajiri barafu ikaja. Ilipasuka kwa mlio kama wa treni, tukakimbia, Bódog akapiga dakika saba bila kutikisika, na kufikia saa mbili asubuhi mto ulikuwa mtupu.

Sheria yetu ya kazi ilikuwa rahisi. Mkanda uliokwisha kupigwa hutolewa ndani ya mfuko mweusi, hutiwa kwenye mkebe wake, na mkebe hufungwa kwa utepe mwekundu. Utepe mweupe ni mkanda mpya. Lakini mkanda wa nguruwe ulikuwa umefungwa kwa utepe mweupe. Ukarudishwa kwenye kamera, na picha ya barafu ikapigwa juu ya picha ya wanawake wa Shangazi Borbála.

Tuliiona picha hiyo maabara, Budapest, siku nne baadaye: vipande vya barafu vikipita katikati ya vifua vya wanawake wanaocheka, mvuke wa matumbo ukipanda kutoka mtoni, na pembeni kushoto mwongozaji mwenyewe ameshika mkia. Leo vijana huletwa kutoka nchi nyingine kuitazama. Siku ile ilikuwa maiti ya filamu. Hapo ndipo Kelemen alipopiga kelele.

"Mkebe huu ulifungwa na nani?"

Bódog akajibu, "Mimi."

"Kaka Bódog, siku kumi na moja! Siku kumi na moja, na wewe unanipigia mto juu ya utumbo?"

"Ndiyo."

"Chukua koti lako."

Bódog akachukua koti lake. Filamu haikuwa na njia nyingine ila kumalizika na picha ile. Ilikamilika mwezi Mei, na majira ya vuli ikashinda tuzo. Kelemen, ambaye hajui kusema uongo, hakudai hata siku moja kwamba aliipanga. Alisema ni ajali, na akaigeuza kichekesho, ambamo Bódog wa maziwa akawa mlevi. Mmekisikia katika kila sherehe: "Barafu ilinijia mara moja tu maishani, na mlevi wangu wa Tisza akaimwagia supu. Ndiye mwalimu wangu mkubwa kuliko wote." Ukumbi huanguka kwa kicheko. Anakisimulia kwa upendo. Nadhani kwa miaka mingi hicho ndicho kilichokuwa njia yake ya kuomba msamaha kwa lile koti.

Lakini hakuna mwongozaji aliyempa kamera tena mlevi wa Tisza. Bódog alifungua kiduka cha picha Nyíregyháza: picha za pasipoti, za harusi, za watoto wa shule. Nilipita hapo mwaka 1988. Alinikalisha kwenye kiti cha wateja.

"Kelemen hajambo?"

"Hajambo."

"Bado anaisimulia ile hadithi yetu?"

"Bado."

"Watu wanacheka?"

"Wanacheka."

"Basi vizuri," akasema, akanirekebisha kola, akanipiga picha ambayo sikuwa nimeomba.

Bódog sasa ana miaka themanini na mitatu. Anaishi na binti wa dada yake mjini humo humo, anasikia vizuri na anatembea kwa fimbo. Nimeiona orodha ya wageni wa sherehe ya Ijumaa. Ina majina mia moja na ishirini, na lake halimo. Ninayokuomba, Kelemen, ni mawili. Usikisimulie tena kichekesho kile. Na umtume dereva Nyíregyháza Alhamisi akamchukue Bódog, kwa kuwa barabara ni ndefu na mzee yule hapendi kuharakishwa.

Kwa niaba ya mafundi wa taa, wakataji filamu, wanawake wa chumba cha mavazi, na sisi tuliobaki wachache wa mwaka 1973, tunakushukuru kwa kutufundisha kungoja. Ustaafu wako uwe mrefu kama filamu zako, na ajitokeze mtu wa kukufumia soksi nyingine. Ishi salama, ndugu yetu, na ule vizuri.

Sasa lile langu. Mkebe ule niliufunga mimi. Utepe mwekundu ulikuwa chumbani, mikono yangu ilikuwa na mafuta ya nguruwe, na supu ilikuwa mezani, nikasema nitaubadilisha nikishakula. Nilikunywa, nikalala. Alfajiri ni mimi niliyeuchukua mkebe huo huo na kuupakia kwenye kamera. Bódog hakuugusa wakati wowote.

Bódog alijua. Tulipokuwa tukingoja kuingia maabara, nilikuwa nimeshakumbuka ule utepe, nikamvuta kwenye korido na kumweleza. Nilimwambia kwamba mke wangu ana mimba ya miezi minane, na kwamba mpigapicha mwenye jina kubwa kama lake hafukuzwi, wakati msaidizi hufukuzwa siku hiyo hiyo. Nilimwomba aseme ni yeye. Akaniuliza kwa muda gani. Nikamwahidi kwamba nitasema ukweli siku filamu itakapokamilika.

Filamu ilikamilika tarehe 9 Mei 1973.