Nguvu za Kumnyanyua Mama

Bwana asifiwe! Nasema tena, asifiwe na wale wa viti vya nyuma, maana naona mnayatazama mabega yangu badala ya kuitika. Yatazameni tu. Leo nimekuja kuyatolea ushuhuda.

Mimi ni Dada Mumbua wa Mishomoroni, muuza mahamri. Wengi mnanijua, na mnamjua mama yangu, yule pale kwenye kiti cha magurudumu. Alipata kiharusi, upande wa kushoto ukafa, nikamtoa kwetu Kitui nikamleta kwangu. Kila siku lazima anyanyuliwe: kitandani hadi kitini, kitini hadi chooni, na kurudi. Mara nane, mara kumi. Na mama hajapungua, ndugu zangu! Mungu amembariki kwa mwili.

Nilikuwa na njia yangu. Nilifunga leso kiunoni, nikaikaza mpaka pumzi ikawa ya shida, kama walivyofanya mama zetu wakienda kubeba kuni. Kisha nilisimama mbali kidogo na kitanda, miguu pamoja, nikainama na kumvuta kwa mikono. Mgongo ulipoanza kulalamika, nikaongeza leso ya pili.

Akina dada wa ushirika wakaja kuniona. Mmoja akasema nimetupiwa kitu mgongoni na jirani anayeyaonea wivu mahamri yangu. Sikutaji, dada uliyesema hivyo, lakini unajijua. Nami nikafunga siku tatu kuomba nguvu, huku naendelea kumnyanyua mama tumbo tupu. Kufunga ni kuzuri, mchungaji asinielewe vibaya! Lakini asubuhi ya siku ya tatu, nikiwa namgeuza mama kuelekea kitini, kiuno kilinichoma kama nimewekewa pasi ya moto. Tukaanguka wote wawili, mama juu, mimi chini, nashukuru haikuwa kinyume chake. Tulilala sakafuni tukitazamana, yeye hawezi kuinuka, mimi siwezi kuinuka, mpaka mwenye nyumba akasikia kilio changu.

Kaka yangu Kyalo, anayefanya kazi ya malori kule Miritini, alifika siku hiyo hiyo. "Mumbua, umejaribu," akasema. "Mwezi wa kumi na mbili nitamrudisha mama Kitui, nimtafutie msichana wa kumwangalia." Ndugu zangu, kule Kitui nyumba ina kufuli, ndugu wote tuko mbali. Mama aliposikia akageuza uso ukutani. Nikajua akienda hatarudi, na ningemzuiaje Kyalo, nami nimelala chali kama mende!

Daktari wa zahanati alinipima akasema mfupa ni mzima, misuli ndiyo imeumia. Nipumzike, halafu niiimarishe. Niiimarishe vipi hakusema, foleni ilikuwa ndefu.

Sasa tazameni Mungu anavyofanya kazi! Mkabala na mlango wangu anakaa Mwalimu Mwanaisha, mwalimu wa michezo wa wasichana huko shuleni Ziwa la Ng'ombe. Ni Mwislamu, mtu wa buibui lake, na kumbe huwafundisha watoto kunyanyua vyuma! Alikuja kunijulia hali. Nilipopata nafuu akasema, "Dada Mumbua, hebu nionyeshe wamnyanyuaje mamako." Nikaonyesha kwa mto. Akashika kichwa. "Wallahi, mgongo huu umekukosea nini?"

Akanipa jagi la maji, nilishike kifuani. Jepesi. Akasema ninyooshe mikono mbele. Haikuchukua muda mikono ikatetemeka, na maji ni yale yale! "Mzigo haujaongezeka," akasema, "lakini ukiwa mbali nawe, mgongo ndio wateseka. Mlete mama kifuani."

Kisha akaniambia nifungue leso. Nikakataa! Akanisubiri mpaka nikafungua. Akanifundisha kuvuta pumzi na kukaza tumbo kama mtu anayengoja kutekenywa, ili misuli yenyewe iushike uti wa mgongo. Miguu niitanue. Makalio niyarudishe nyuma, samahani mchungaji, kama mwanamke aliyeshika sinia anayesukuma mlango ufungike. Mgongo ubaki umenyooka, ninyanyuke kwa mapaja, nikigeuka nigeuke kwa hatua za miguu, kiuno nisikisokote. Misuli mikubwa kuliko yote mwilini nilikuwa nayo siku zote, na nilikuwa nimeiacha imelala!

Akina dada wakashika zamu ya kumnyanyua mama, hata yule aliyesema nimetupiwa kitu, Mungu ambariki. Mimi nikapewa mtungi mdogo wenye mchanga. Jumatatu, Jumatano, Ijumaa. Kila wiki kikombe kimoja cha mchanga kiliongezwa. Nilitaka kila siku, nina kiburi, mnanijua. Mwalimu akakataa. "Ukibeba misuli yachoka. Ukila na ukilala ndipo yajijenga. Hata sisi Ramadhani twapunguza mzigo." Nikala mayai, maharagwe na dagaa wa omena. Baada ya wiki tatu mtungi ukawa mwepesi, ingawa mikono ilikuwa ile ile. Mwalimu akanieleza kwamba mishipa ya fahamu hujifunza kwanza kuiamsha misuli, nyama huja baadaye. Nyama zikaja! Mtungi mdogo ukaniaga, nikachukua mkubwa.

Mwezi wa kumi na mbili Kyalo akaja na gari la kuazima. Akakiendea kitanda, miguu pamoja, mikono mbele, mgongo umepinda. Nikapiga kelele, "Kyalo, acha! Utaumia!" Nikamsogeza kando. Nikatanua miguu, nikamleta mama kifuani, nikakaza tumbo, nikasimama naye. Hatua moja, mbili, tatu, nikamketisha kitini pale mezani kwa utaratibu.

Mama, ambaye maneno humtoka kwa shida, akamtazama mwanawe akasema, "Kyalo. Keti. Unywe chai." Kyalo akaketi.

Ndugu zangu, najivuna! Najivuna katika Bwana aliyeniumbia mapaja haya, na namshukuru Mwalimu Mwanaisha, ambaye si wa imani yetu lakini Mungu alimtuma kwangu. Wewe unayemuuguza mzazi, wewe unayebeba magunia bandarini, usiuchukie mwili wako. Mwamini Yeye aliyeuumba, kisha uanze na kidogo. Jumamosi tukimaliza kufagia kanisa, tuko pale nyuma na mitungi yetu ya mchanga. Njoo, nitakushikia mkono mpaka ujue.

Na wale wanaoniuliza kama mama atarudi Kitui, haendi. Atakaa Mishomoroni mpaka siku Bwana atakapomnyanyua Yeye mwenyewe. Kabla ya siku hiyo, kazi ni yangu, na ninaiweza. Amina!