Historia ya Kaka Yetu, Aliyefia Katikati ya Daraja

Ndugu waombolezaji, wazazi wetu, majirani, na ninyi wakubwa wa ofisi mbili za mpakani mlioketi viti vya mbele, mimi ni mdogo wake marehemu, yule fundi cherehani wa karibu na stendi, familia imenituma niwasomee maisha ya kaka yetu, kamati ya mazishi ikanisihi nipunguze ukali, nimepunguza, na kilichobaki ndicho hiki.

Marehemu alizaliwa tarehe 3 Agosti 1964, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya soko, mtoto wa tatu kati ya saba wa baba yetu, fundi baiskeli, na mama yetu, mkulima wa vitunguu, enzi ambazo mto ulivukwa kwa pantoni moja tu, nayo ikiharibika mji mzima unakaa wiki bila chumvi wala sabuni. Alisoma shule ya msingi ya hapa hapa kuanzia mwaka 1972 hadi 1978, kisha akaingia gereji kujifunza ufundi, akapata leseni ya udereva tarehe 17 Mei 1985, na siku hiyo alilala ameivaa shingoni kwa uzi, tukamcheka mpaka mama akatufukuza chumbani.

Daraja lilipofunguliwa tarehe 9 Septemba 1989, kaka alikuwa dereva wa lori la nne kuvuka, na kwa kweli wahenga hawakukosea waliposema mgeni njoo mwenyeji apone, kwani tulipona, mashamba ya vitunguu yakapanuka kwa sababu soko la ng'ambo, nchi jirani, lilikuwa mwendo wa nusu siku, kiwanda cha sabuni kikajengwa kwa kuwa mafuta yake yalitoka kule, gereji zikawa saba, nyumba za wageni tisa, na hata mimi cherehani yangu ya kwanza ilikuja ndani ya lori la kaka, imefungwa kwa blanketi lake mwenyewe.

Tarehe 21 Desemba 1991 alimwoa wifi yangu huyu mnayemwona, mfanyabiashara wa vitunguu, wakajaliwa watoto watatu, wa kwanza mwaka 1993, ambaye ni mwalimu, wa pili mwaka 1996, fundi wa magari, na wa mwisho mwaka 1999, ambaye ni muuguzi katika hospitali yetu, na katika watoto hao watatu baba yao aliwahi kushuhudia kuzaliwa kwa mmoja tu, wengine wawili walimkuta foleni. Maana malori yaliongezeka, mihuri nayo ikaongezeka, na saa za kule ziko nyuma ya zetu kwa saa moja, kwa hiyo wetu wanapotoka kula ndipo wenzao wanapokwenda kula, na ofisi zote mbili zinadai karatasi ile ile halisi, basi dereva anapigwa danadana mchana kutwa. Kila akipiga simu alisema kesho navuka, watoto wa mtaa wakamwita Bwana Kesho, wifi akawa anabandika chungu na kukiepua bila mlaji.

Mwaka 2010 tukaambiwa dawa imepatikana, litajengwa jengo moja, karani wa huku na wa kule wakae pamoja, na kaka ndiye aliyebeba vyuma vya paa lake, vikazuiliwa pale pale mpakani siku ishirini na tatu, kwa sababu karatasi iliandikwa mali ya ofisi zote mbili na kila upande ukasema basi waulizeni wale. Jengo likaisha, utepe ukakatwa, halafu, jamani, wakajenga ukuta katikati, kila ofisi na mlango wake, dereva akitaka muhuri wa pili anatoka nje na kuzunguka. Kiwanda cha sabuni kikafungwa mwaka 2014, vitunguu vya wifi vikaota majani ndani ya magunia, na vijana wetu wakahama.

Mwaka 2016 marehemu aligundulika kuwa na shinikizo la damu, daktari akamwonya asikae kwa muda mrefu bila kutembea, akamjibu kwamba foleni ikitembea naye atatembea. Tarehe 14 Machi 2023, akiwa siku ya sita foleni upande wa pili, saa tano asubuhi kwa saa zetu alishikwa na maumivu ya kifua, gari la wagonjwa la kule likamfikisha katikati ya daraja, lisiruhusiwe kuendelea, na la kwetu lilisimama upande wetu likiwa na binti yake mwenyewe, muuguzi, akimwona baba kwa macho asiweze kumshika, kwani karatasi ya kuvusha mgonjwa ilihitaji mihuri miwili. Wetu walikuwa wanakula, wakarudi saa saba wakagonga, karatasi ikapelekwa kule, nao wamekwenda kula. Kaka alifariki saa nane kasoro dakika kumi, kilomita nne kutoka hospitali. Mwili nao ulizuiliwa siku mbili, eti hadi dereva asaini kulikabidhi lori aliloliacha foleni, na karani mmoja alimwuliza mpwa wangu, bila aibu, kama dereva mwenyewe hawezi kufika. Nina hasira, na sitaificha.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi, majirani mliolala nasi msibani, mwajiri wake, na ninyi wakubwa, mliofika hapa mapema kwa magari yenu bila kusimamishwa popote. Zaidi ya wote tunawashukuru madereva arobaini na watatu, ambao barabara ilipokuwa imeziba na gari lenye mwili halina pa kupita, walirudisha malori nyuma mmoja mmoja, wakaachia nafasi walizozingojea kwa siku nane na tisa, bila muhuri, bila kikao, kwa nusu saa tu wakampisha mwenzao. Walitamani kumzika. Nimewatafuta humu kwa macho tangu asubuhi, hayupo hata mmoja, kwa sababu walipoachia nafasi zao walipangwa upya mkiani, na hivi ninavyosoma bado wako foleni.

Pumzika kwa amani, kaka.