Mama Sifuri Afunga Jedwali Lake la Mwisho

Baada ya miaka thelathini na miwili katika ofisi ya takwimu ya hospitali yetu, mwenzetu tunayemwita Mama Sifuri anastaafu rasmi tarehe 30 Juni. Amechoka, na amesema hivyo mwenyewe bila kupepesa macho.

Aliajiriwa kama mpiga chapa. Kompyuta zilipokuja akabebeshwa ripoti za wodi zote, ambazo wakubwa waling'ang'ania ziandikwe kwenye programu ile ile ya kuandikia barua, majedwali na hesabu humo humo. Mwezi mmoja wodi ya wazazi iliweka mwaka peke yake juu ya safu, fomula ikaujumlisha pamoja na idadi ya watoto, tukaonekana tumezalisha watoto zaidi ya elfu mbili. Mganga mkuu alishapongezwa kwa simu kabla kosa halijaonekana.

Jina lake lilitokana na visanduku vitupu. Fomula ikijumlisha kwenda juu ikakuta kisanduku kitupu, hukomea hapo. Basi aliwasihi wauguzi waandike sifuri siku wasipopokea mgonjwa. Waliitikia ndiyo mama, kisha wakaacha wazi. Yeye akajaza, akasasisha jumla moja baada ya nyingine, maana hazijisasishi zenyewe, na mwezi uliofuata akaanza upya. Kazi ilichosha, lakini sisi tulimchosha zaidi.

Mwaka juzi bodi ilikaa kuamua kuifunga wodi ya watoto, eti haina wagonjwa. Ripoti ilikuwa imeandaliwa yeye akiwa likizo. Asubuhi aliyorudi, hata mkoba hajautua, akaona jumla ya wodi hiyo, akaipitia safu nzima. Kisanduku kimoja kitupu katikati ya safu kilikuwa kimemeza nusu ya watoto. Akaweka sifuri, akasasisha, jumla ikaruka maradufu. Aliingia kikaoni bila kuitwa, ripoti iliyosahihishwa mkononi. Mwenyekiti alinung'unika kwamba anawachelewesha, wala hakuna aliyemshukuru. Alitoka, akakaa kwenye benchi la korido, akavua viatu. Wodi haikufungwa.

Leo tunamshukuru, tumechelewa mno. Mama, kapumzike, ulale mchana upendavyo, na tukikupigia kuuliza fomula, usipokee.

Hafla ya kumuaga itafanyika wodi ya watoto, kwa ombi la wauguzi wa hapo. Tafadhali tupige makofi taratibu. Vitanda vyote vina watu, na wengi ndiyo kwanza wamepata usingizi.